Tutageukia Kalavati

Mara ya tatu Mzee alipochora ile njia ya mtoni, aliichora nyuma ya kalenda ya mwaka jana, kwa penseli bapa ya mafundi. Akachora lango, akachora benchi la kwanza, akachora benchi la pili, kisha akapiga mstari kama mtu anayekata kamba.

"Hapa tunageuka," akasema. Akainuka, akaenda dirishani kutazama mawingu ambayo hayakuwepo.

Mimi nilikuwa kwenye kiti changu, mguu nimeunyoosha juu ya stuli, goti limevimba kana kwamba limemeza ngumi. Lilipasuliwa wiki tatu kabla ya hapo. Yule dada wa mazoezi pale hospitali alinieleza taratibu, kama anavyoelezwa mtoto wa darasa la pili, nami sikuudhika, maana shule yangu haikwenda mbali zaidi ya hapo.

"Bibi, utembee nusu saa kila siku," alisema. "Si nyumbani, kuzunguka meza hakusaidii. Si barabarani kwenye mashimo. Tafuta mahali palipotandikwa vizuri, pasipo ngazi wala mlima. Tarehe ishirini na mbili nataka goti hili linyooke na likunjike. Likikataa, tutakulaza usingizi tena tulikunje wenyewe kwa nguvu."

Usingizi huo ndio ulionitia hofu. Mara ya kwanza nilipozinduka nilimwuliza binti yangu, niliyemzaa mwenyewe, kama yeye ndiye mfagiaji wa wodi. Siku mbili nzima nilikuwa najitafuta. Daktari akasema kwa umri wangu hutokea, wengine hurudi vizuri, wengine hurudi nusu. Niliposikia "nusu" niliapa moyoni kwamba nitatembea.

Siku Mzee alipochora mchoro wa tatu ilikuwa tarehe tisa, na nilikuwa bado sijatembea hata hatua kumi nje ya mlango.

Kwetu kuna mahali pamoja tu pa namna ile, njia ya miguu kando ya mto. Imetandikwa vitofali vya zege, vyekundu na vya kijivu, toka langoni hadi daraja la chuma, na mabenchi yamepangwa kwa vituo. Kutoka kwetu ni mwendo wa dakika tano, kwa mwenye magoti. Tena aliyeitandika namjua vizuri, nimemfulia nguo za vumbi miaka arobaini. Ni huyohuyo aliyesimama dirishani. Ndiyo kazi yake ya mwisho kabla hajastaafu, alikuwa nyapara wa mafundi wote. Mtu mwingine angepita pale kila Jumapili akijipiga kifua. Mzee wangu hakuwahi kukanyaga pale tangu siku ilipofunguliwa.

Siku ya kwanza ya mipango yetu alisema kuna upepo. Siku ya pili, baiskeli nyingi. Siku ya tatu, mbwa. Siku ya nne akasema vitofali vikilowa umande huteleza, tungoje jua. Jua lilipotoka akasema jua kali. Mimi ni mtu wa kungoja, nimeumbwa hivyo, lakini goti halijui subira. Kila asubuhi lilikuwa limekaza zaidi, kama bawaba ya mlango iliyoachwa mvuani. Na yeye mwenyewe hakuwa anakalika. Ungedhani viti vyote vimepakwa upupu. Alikaza bomba ambalo halikuvuja. Alifungua mlango wa chumba, akaupiga randa, akaurudisha, ukawa haufungi, akaufungua tena. Alikwenda hadi barabarani akarudi bila kitu mkononi, na nilipomwuliza alikwenda wapi, akasema, "Wapi?"

Siku hiyo ya mchoro wa tatu wifi yangu aliingia bila hodi, kama kawaida yake. Ni dada yake mkubwa Mzee, anauza vitambaa sokoni, na sauti yake ni ya sokoni vilevile. Alikuwa amevaa raba, kamba zimefungwa mafundo mawili mawili.

"Mgonjwa yuko tayari?"

"Mgonjwa yuko tayari tangu juzi, wifi. Dereva ndiye hajawasha gari."

Akamgeukia mdogo wake. "Wewe mtoto," akamwambia, na mtoto mwenyewe ana miaka sabini na moja, "leo kuna nini? Mbwa, upepo, au mvua ya mawe?"

"Dada, jambo hili linataka mpango."

"Mpango! Wanasema penye nia pana njia. Hapa njia ipo, imetandikwa mpaka na mabenchi yamewekwa. Nia ndiyo tunayoitafuta." Akachukua kalenda, akaisogeza mbali na macho. "Sasa hapa mbona mnageuka? Hata jasho halijatoka."

"Tutakwenda na kurudi. Mara tano."

"Kama askari wa zamu?"

"Ndiyo, kama askari wa zamu."

"Kwani kule mbele kuna nini, mamba?"

"Hakuna mamba."

"Basi kuna mwanamke." Akacheka peke yake, akanitazama nicheke, nami nikacheka kidogo ili asijisikie vibaya. Mzee hakucheka. Alichukua nyundo, akaenda kuutazama ule mlango.

Wifi akangoja, akachoka, akasema vitambaa havijiuzi vyenyewe, akaondoka. Akiwa mlangoni alinong'ona, na mnong'ono wake husikika hadi kwa jirani: "Mchunguze huyu. Ana jambo."

Nilikuwa nimekwisha kuanza kumchunguza. Michoro yote mitatu niliiweka chini ya jagi la maji. Nikaitoa, nikaipanga mapajani. Wa kwanza ulianzia langoni ukaishia benchi la pili. Wa pili ulianzia upande mwingine kabisa, kwenye daraja la chuma, ambako kuna ngazi themanini. Sijui alitaka nizishuke kwa mbawa. Nao ulishuka, ukapita benchi la nne, ukapita la tatu, halafu ukageuka. Wa tatu ndio huu. Michoro yote iliogopa mahali pamoja, kati ya benchi la pili na la tatu, pale alipochora kiduara kidogo. Nilikijua kiduara kile, miaka yote amekuwa akikichora mezani kwangu. Ni kalavati, bomba kubwa la zege linalopitisha maji ya mvua chini ya njia kuyapeleka mtoni.

Aliporudi ndani nikamwuliza, "Baba watoto, kalavati lina nini?"

Akaenda nje. Nikasikia bomba linafunguliwa, linafungwa. Nikachukua kapu la nguo nikaanza kukunja. Mtu wa namna yake ukimkimbiza naye anakimbia. Ukikaa kimya atazunguka, atachoka, atatua. Nilikunja shuka mbili na shati moja, akarudi akasimama nyuma ya kiti, hakukaa.

"Vitofali si kazi," akaanza. "Hata mtoto anaweza kupanga vitofali. Kazi iko chini. Unachimba, unajaza kifusi kimo cha kiganja, unashindilia na mashine. Unajaza tena kiganja, unashindilia. Hivyo hivyo mpaka juu. Ukijaza chote kwa mkupuo mmoja ukashindilia juu tu, juu panakuwa pagumu, chini ni uji."

"Naelewa."

"Pale kalavatini shimo lilifika kiunoni. Na mashine ilikuwa imepelekwa kwingine. Wageni wa kufungua wanakuja Ijumaa, hiyo ni Jumatano. Msimamizi akaniambia jaza, mwaga mchanga, panga, wiki ijayo tutarudi tufumue tufanye vizuri." Akashika mgongo wa kiti, akauachia. "Nikasema sawa."

"Mkarudi?"

"Tukapewa fulana na soda, kazi ikafungwa."

"Ni hatua ngapi?"

"Kumi na nne. Upana wote wa njia."

"Pametitia?"

"Sijui! Ndiyo maana siendi." Sasa alikuwa anatembea, kutoka kabati hadi mlango, mlango hadi kabati. "Nikikuta pametitia, ni aibu. Nikikuta hapajatitia, ni mbaya zaidi, kwa sababu panapotitia mtu anapaona, anapakwepa. Vitofali vile vinang'atana kama meno. Maji yanaweza kula mchanga wote chini, vyenyewe vikabaki juu vimeshikana, vinakutazama tu. Siku vikiachiana, vinaachiana mara moja. Na wewe una fimbo. Fimbo inachoma mahali pamoja."

Nilitaka kukasirika, nikakuta hasira zenyewe haziko zote upande mmoja. Mwaka mmoja na nusu watu wanapita pale na watoto wao, naye hapa nyumbani anakaza bomba lisilovuja.

"Kwa nini hukwenda ofisini kusema?"

"Nikaseme nini? Mimi, nyapara wa miaka thelathini na minane, niliyewafukuza vijana kazini kwa kutoshindilia, niseme sikushindilia?"

Nilikunja shati la mwisho.

"Kesho tunakwenda," nikasema.

"Mpaka benchi la pili."

"Mpaka benchi la pili."

Asubuhi alivaa viatu vyake vya kazi, vile vya ngozi ngumu. Ndani ya koti niliona mpini wa nyundo ya mpira, hiyo wanayogongea vitofali, na bisibisi ndefu. Sikuuliza. Wifi alitukuta barabarani, amefunga raba, akasema leo atatoa sadaka.

Langoni pale nilisimama kwanza. Njia ilikuwa imelala kando ya maji, imenyooka, hakuna mfuko wala jani. Nikaweka fimbo, nikaweka mguu mzuri, nikavuta mbaya. Hatua kumi za kwanza goti lilipiga kelele ndani kwa ndani. Hatua ya thelathini likalegea kidogo, kama mtu aliyegoma anayeanza kusikiliza. Wifi alinishika kiwiko upande wa kushoto akinieleza habari za mteja aliyerudisha kitambaa akiwa tayari amekishona gauni. Mzee alikuwa mbele. Hakuutazama mto hata mara moja. Alitazama chini, na kila baada ya hatua chache alikanyaga kwa nguvu, akasikiliza, akaendelea.

Tulifika benchi la pili kwa dakika kumi na nne kwa saa ya wifi. Tukakaa. Mzee hakukaa.

"Ni wapi hapo?" nikamwuliza chinichini.

Akaonyesha kwa kidevu. Nilipatazama. Palikuwa pamenyooka kama meza. Hakuna kitofali kilichoinama, hakuna hata ufa.

"Pazuri," akasema wifi, ambaye sikumwambia kitu. "Na mbona ndipo pazuri kuliko pote? Twende mbele basi."

"Kaa, dada."

"Nimekaa. Wewe ndiye umesimama kama kuku anayetafuta pa kutagia."

Ndipo alipokuja mwanamke kijana kutoka upande wa lango, anasukuma kiti cha magurudumu. Ndani yake mzee mmoja amefunikwa blanketi hadi kifuani, kichwa kimeinama, nikadhani amelala. Akatusalimu, "Shikamooni," tukaitikia, akapita. Magurudumu yale yalikuwa na mlio mwembamba juu ya vitofali, tiki, tiki, tiki.

Mzee akapiga hatua mbili kuwafuata, akarudi. Akakaa mwishoni mwa benchi. Akasimama. Mkono wake ulikuwa unapigapiga paja.

"Baba watoto," nikasema. Basi, hilo tu.

"SIMAMA!"

Sijawahi kumsikia akipiga kelele vile, hata alipokuwa kazini. Ndege waliokuwa majini waliruka. Yule mwanamke alikizuia kiti kwa mikono miwili.

"Kuna nini? Nyoka?"

"Hapana. Hapo hapapitiki."

"Napita kila siku, babu."

"Mshukuru Mungu, kisha usipite."

Yule mzee wa kwenye kiti akainua kichwa. Kumbe hakulala. "Nani huyu anayefokea watu?"

"Ni fundi aliyeitandika njia," wifi akajibu kutoka benchini.

"Basi awaachie watu waitumie!"

Mzee alikuwa ameshapiga magoti mbele ya magurudumu. Akagonga kitofali kwa nyundo ya mpira. Ngu. Akasogea, akagonga. Ngu. Akasogea tena. Bo. Hata mimi niliyekuwa mbali nilisikia, kama unapogonga dumu tupu. Bo, bo, bo, upana wote. Wifi akainuka benchini, akasogea.

Akaingiza bisibisi kwenye kiungo, akang'oa kitofali cha kwanza, kikabisha, kikatoka. Cha pili. Cha tatu. Cha nne hakukigusa. Kilidondoka chenyewe, tukasikia kimeangukia majini.

Yule mwanamke akavuta kiti nyuma kwa nguvu hadi blanketi likaanguka. Nikainuka, nikasogea mpaka Mzee aliponizuia kwa mkono, nikachungulia. Chini ya vitofali hapakuwa na mchanga. Palikuwa na giza na maji yanayotembea.

"Mama yangu," akasema wifi.

Mzee akavua koti. Akaanza kung'oa kwa safu, akirudi nyuma kwa magoti, akiviweka pembeni kwa sita sita. Wifi akavipokea akaanza kujenga ukuta wa kuzuia njia, yule mwanamke kijana akafunga breki za kiti chake akamsaidia, na babu wa kwenye kiti akawa msimamizi: "Kile kimepinda. Weka vizuri, kazi ifanane."

Mlinzi wa njia alikuja anakimbia, kizibao chake cha kung'aa kimepinda begani.

"Mzee! We Mzee! Unabomoa mali ya umma! Nani amekuruhusu kufumua?"

"Na nani aliniruhusu kufukia?" Mzee akajibu bila kuinua kichwa.

"Nini?"

"Piga simu ofisini kwenu. Waambie nyapara wa kipande cha kalavati yuko hapa. Jina langu wanalo kwenye makaratasi yao."

"Watakukamata!"

"Waje. Lakini waje na mashine ya kushindilia."

"Kijana," wifi akamwambia mlinzi, "kabla hujapiga simu, hebu chungulia humo halafu uniambie ungependa mama yako aanguke upande gani."

Akachungulia. Akarudi nyuma. Akapiga simu, akasema maneno mengi kwa sauti ya chini, kisha akatwambia meneja mwenyewe anakuja na amekasirika sana.

Mimi nilikuwa nimesimama na fimbo yangu. Kusimama kulianza kulikaza goti. Kila mtu alikuwa na kazi, hata babu wa kwenye kiti. Nikahesabu: dakika kumi na nne nilizokuja nazo, bado kumi na sita. Hakuna aliyekumbuka goti langu, na sikuwalaumu, shimo lile lilikuwa na haki ya kutazamwa. Nikageuka. Nikaelekea benchi la kwanza peke yangu, bila mtu kushika kiwiko.

Ni mbali, ukiwa peke yako. Fimbo, mguu, mguu. Katikati nilihisi goti linataka kunibwaga, nikasimama, nikalisubiri. Likakubali. Niliposhika mgongo wa benchi la kwanza jasho lilikuwa linanitiririka hadi kidevuni. Sikukaa, nilijua nikikaa sitainuka. Nikarudi.

Mzee aliponiona aliinua uso, nyusi nyeupe kwa vumbi. "Unatoka wapi?"

"Benchi la kwanza."

"Na nani?"

"Wewe si una kazi?"

Akanitazama mguu, kama anavyotazama uzi wa kupimia. "Unaburuza. Tanguliza kisigino," akasema, akarudi kwenye vitofali vyake. Nikaona mikono yake haipigipigi tena.

Nikageuka mara ya pili, kisigino mbele. Nilikuwa nimeligusa benchi na kugeuka tena niliposikia mlango wa gari unabamizwa langoni, halafu viatu vinakuja haraka haraka nyuma yangu. Sikuangalia. Nilikuwa katikati ya njia, na fimbo yangu inataka nafasi yake.

"Samahani mama, nipishe kidogo."

"Unatoka ofisini, baba?"

"Ndiyo. Kuna mtu anabomoa kule."

"Ni mume wangu."

Akasita. Nikamtazama. Mtu wa makamo, shati limepigwa pasi, simu mbili mkononi, mshipa umesimama kwenye kipaji.

"Mume wako amefanya kosa kubwa," akasema.

"Kubwa sana," nikamwambia. "Kulifanya alilifanya siku ile ya kufukia. Leo anakuonyesha. Nami siwezi kukupisha upesi, nimepasuliwa goti. Nipe mkono twende wote."

Alitazama mbele, akatazama mkono wangu uliokuwa unamngoja. Hakuwa na la kufanya. Akahamisha simu zote mbili upande mmoja, akanipa kiwiko. Nikakishika sawasawa.

"Limefika wapi, hilo shimo?" akauliza.

"Kiunoni. Utaliona."

Alitaka kuongeza mwendo. Nikasimama, nikapumua, nikatanguliza kisigino, na yeye akalazimika kunifuata. Kila alipoanza kuvuta, nilisimama. Zilibaki dakika nane, na sikuwa na nia ya kumfikisha kwa Mzee kabla hazijaisha.